Nikifika juu kwenye bekiswingi, kushuka ndo kunanishinda. Nini kinatakiwa kianze?

fimbo_ya_tisa

Habari wakuu, naomba msaada kwa mnaoijua gofu vizuri. Napigia mkono wa kulia. Bekiswingi yangu, yaani kupandisha fimbo nyuma, naona iko poa, nimejirekodi kwa mbele na kwa nyuma, mgongo unageuka vizuri mpaka unaangalia kule ninakolenga, mkono wa kushoto umenyooka, uzito umeenda mguu wa kulia, hapo sina shida kabisa. Shida ni pale juu fimbo inapomaliza kupanda na inatakiwa ianze kushuka. Pale kila kitu kinavurugika. Bega la kulia linaruka mbele kuufuata mpira, mikono inasukumwa nje mbali na mwili, fimbo inakuja inakata kutoka nje kuingia ndani. Mpira unaanza kushoto halafu unapinda kwenda kulia, na nikipiga aironi 7 (fimbo ya chuma ya umbali wa kati) divoti, yaani alama inayobaki pale nyasi zilipong'oka, inaelekea kushoto waziwazi. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ndo usiseme, inapinda mpaka naishia kwenye miti ya upande wa kulia.

Kinachonichanganya ni kwamba swingi ya mazoezi bila mpira inatoka safi, yaani mtu akiniangalia atasema huyu anajua. Na nikipiga nusu swingi na wedji, ile fimbo fupi ya kunyanyua mpira, mpira unaenda sawa tu. Ila nikienda fulu, na mpira uko mbele yangu, mambo yanabadilika.

Nimeshapewa ushauri wa kila aina. Mmoja anasema anza na nyonga, mwingine anasema tuliza mikono, mwingine anasema simama kidogo pale juu kama Hideki Matsuyama kisha ndo ushuke. Nikijaribu vyote kwa pamoja nakakamaa. Sasa naomba kuuliza, kipi hasa kinatakiwa kianze pale juu? Na je mtu anaweza kukifikiria wakati fimbo iko hewani au inabidi kije chenyewe?

mzee_wa_grini

Karibu sana ndugu, swali lako zuri na umelieleza vizuri, wengi wanasema tu "napiga slaisi", yaani mpira unaopinda kulia, basi.

Nianze na swali la mwisho kwa sababu ndilo linalofungua mengine. Mchezaji wa kulipwa akishusha fimbo kutoka juu mpaka kugonga mpira anatumia kama robo sekunde, na kupandisha kunachukua karibu mara 3 ya hapo. Robo sekunde ni muda mdogo mno kutoa amri, kuona matokeo, kisha kurekebisha. Kwa hiyo ukiwa pale juu unajiambia "sasa nyonga, sasa mikono, sasa bega", ukija kumaliza sentensi mpira ulishaondoka. Unachoweza kufanya ni kuwa na wazo moja tu kabla hujaanza, na kuufundisha mwili pole pole mpaka ujue njia.

Sasa kipi kinaanza. Wengi wanadhani swingi ina vituo viwili, kwamba unapanda unamaliza, halafu unaanza kushuka. Haiko hivyo. Kwa wachezaji wazuri sehemu ya chini ya mwili inaanza kurudi kuelekea shabaha wakati fimbo bado inapanda. Mkandamizo wa miguu unaanza kuhamia mguu wa mbele kabla mikono haijafika mwisho wake. Ndo maana ukiangalia video taratibu unaona kuna kipande kifupi nyonga zinaenda upande huu na fimbo inaenda upande ule, mwili wa katikati unavutika. Mvutano huo ndo unaoleta nguvu, na ndo unaoishusha mikono bila wewe kuisukuma. Baada ya nyonga kinafuata kifua, halafu mikono, fimbo ya mwisho, na kila kimoja kikishafika spidi yake kinapungua na kumpisha anayefuata.

Kwako mpangilio umegeuka, bega na mikono ndo wanaanza, kwa hiyo fimbo haina pengine pa kupita isipokuwa nje.

Mtazame Jack Nicklaus kwenye video zake za zamani. Kisigino cha kushoto kinanyanyuka kabisa kwenye bekiswingi, halafu anaanza kushuka kwa kukirudisha chini. Ben Hogan naye alisisitiza kwamba nyonga ndizo zinazoanzisha safari ya kushuka. Siyo watu wa kupuuza hao, Nicklaus ana ubingwa wa mashindano makubwa 18 na Hogan ana 9.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kupiga hatua. Chukua aironi 8 au 9, simama miguu imegusana, mpira uko usawa wa katikati. Anza kupandisha fimbo taratibu, na mikono ikikaribia juu, narudia IKIKARIBIA, siyo ikishafika, piga hatua na mguu wa kushoto kuelekea unakolenga, ukanyage, halafu acha mwili uendelee mpaka mwisho. Mwanzoni piga bila mpira, mara nyingi tu, mpaka uache kuwaza. Uzuri wa hili zoezi ni kwamba ukichelewa kukanyaga, au ukianza na bega, balansi inapotea hapo hapo na unajua mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Ukishazoea rudi kwenye kusimama kwako kwa kawaida ila ubaki na ile hisia ya kukanyaga mapema.

KushotoDaima

Mzee kasema vizuri sana, ila mkuu fimbo_ya_tisa nakusihi usikimbilie nyonga kabla hujaangalia kitu kingine. Mimi napigia kushoto kwa hiyo nitasema mguu wa mbele na mkono wa mbele ili tusipotezane, kwako wewe mbele ni kushoto.

Huo ushauri wa "anza na nyonga" umeharibu swingi za watu wengi. Mtu akiambiwa hivyo anazizungusha nyonga kwa nguvu zote, kifua nacho kinavutwa kinafunguka mapema, bega la nyuma linatoka nje vile vile, na ugonjwa unabaki ule ule ila sasa kwa spidi zaidi. Kukanyaga mguu wa mbele na kuzungusha nyonga ni vitu viwili tofauti. Kwanza unakaa upande wa mbele, magoti yamekunja kidogo, mgongo bado unaangalia shabaha, KISHA ndo mzunguko unafuata. Tofauti ya muda ni ndogo mno lakini ndo inayoamua fimbo ipite wapi.

Halafu tuusikilize mpira maana haudanganyi. Mpira unaanzia kwa sehemu kubwa pale uso wa fimbo ulipokuwa unaangalia wakati wa kugonga, na unapinda kwa sababu uso na njia ya fimbo havijaelekea sehemu moja. Wako unaanza kushoto unapinda kulia, maana yake njia inaenda kushoto sana, na uso umeangalia kushoto lakini kidogo kuliko njia. Yaani ukilinganisha na njia, uso uko wazi.

Na hapa ndo penye utamu. Watu wengi wanaokata kwa juu, yaani fimbo inatoka nje kuingia ndani kama yako, hawakati kwa sababu hawajui kushuka, wanakata kwa sababu uso wa fimbo uko wazi pale juu na mwili unajua. Fikiria fimbo ishuke kutoka ndani vizuri kabisa na uso ukiwa wazi, mpira utaondoka kulia uendelee kulia moja kwa moja. Ukishauona mpira huo mara kadhaa mwili unajifunza kujilinda wenyewe, unavuta fimbo kushoto ili mpira urudi uwanjani. Kwa hiyo unaweza kufanya mazoezi ya kushuka mwaka mzima, uso usiporekebishwa mwili utarudi kule kule kwa sababu kwake ndo salama.

Jikague hivi. Jirekodi kwa nyuma, kamera usawa wa mikono, iwe imeelekezwa kwenye mstari wa shabaha. Simamisha video pale juu. Angalia kifundo cha mkono wa kushoto. Kama nyuma ya kiganja imekunjwa kurudi nyuma, kuna bonde pale kwenye kifundo na ncha ya kichwa cha fimbo inaning'inia inaangalia chini, uso uko wazi. Kama kifundo kimenyooka sawa na mkono na uso umelala sambamba na mkono, uko vizuri. Angalia pia gripu, yaani unavyoishika fimbo, ukitazama chini ukiwa umesimama tayari, unatakiwa uone vifundo viwili vya vidole vya mkono wa kushoto, vitatu siyo vibaya. Ukiona kimoja tu, au huoni kabisa, gripu yako imeegemea kushoto mno na itakuwa inaufungua uso kila siku.

Ndo maana pia nusu swingi inaenda sawa. Kwenye nusu swingi kifundo hakipati muda wa kukunjika na huna haraka ya kutafuta nguvu. Na wedji ina mlalo mkubwa wa uso, mpira unapanda zaidi kuliko unavyopinda. Draiva haina mlalo huo, kosa lile lile linaonekana mara mbili.

mama_wa_draiva

Naongezea kuhusu Matsuyama kwa sababu naona watu wengi wanamuiga vibaya. Kweli mikono yake inaonekana inasimama pale juu, na alishinda Masters mwaka 2021 na swingi hiyo hiyo. Lakini angalia chini ya kiuno. Fimbo ikiwa imetulia, mwili wa chini umeshaanza kwenda mbele. Ukisimamisha kila kitu kuanzia unyayo mpaka kichwa, pale unapoanza tena kitu chepesi kuliko vyote kuanza nacho ni mikono, na unarudi kwenye tatizo lako.

Kama zoezi lakini kusimama kuna faida. Panda, tulia, bila kugusa mikono hamishia uzito mguu wa mbele, halafu ndo upige, kwa spidi ndogo. Ukifanya taratibu utasikia mikono inashuka yenyewe kidogo pale unapohama, kiwiko cha kulia kinakuja karibu na mbavu bila kukilazimisha. Hiyo ndo hisia unayoitafuta. Usiende nayo uwanjani, iache kwenye renji, kule kwenye uwanja wa mazoezi.

Na usihangaike sana na umbo la bekiswingi. Jim Furyk anapandisha fimbo wima kabisa halafu anaizungusha inalala wakati wa kushuka, hakuna kochi anayefundisha hivyo, na bado alishinda US Open 2003 na mwaka 2016 akapiga raundi ya mipigo 58 kwenye PGA Tour, hakuna aliyewahi kupiga chini ya hapo kwenye tua hiyo. Unavyopanda ni mambo yako. Unavyoanza kushuka ndo kuna sheria.

Kitu cha mwisho, gripu ishike kwa mkandamizo ule ule mwanzo mpaka mwisho. Wengi wakifika juu vidole vinabana ghafla, na ukibana vidole mkono wote unakaza mpaka begani, na bega likikaza ndo linaruka. Jisikilize tu siku moja, utasikia pale panapobana.

fimbo_ya_tisa

Wakuu asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina namna hii. Nimeenda renji nikajirekodi kama KushotoDaima alivyoelekeza. Kifundo kina bonde kabisa pale juu, na gripu naona kifundo kimoja tu cha kidole. Nimesogeza mkono wa kushoto kidogo kuelekea kulia mpaka naona viwili na nusu hivi, mwanzoni unajisikia vibaya ajabu, ila nikaendelea nao. Nimepiga na zoezi la hatua la mzee, kwanza bila mpira, halafu mpira na aironi 9.

Slaisi imepungua sana, mingine imeenda karibu moja kwa moja na sauti yake ni tofauti, yaani ule mgongano mmoja mzito. Ila sasa yamekuja mawili mapya. La kwanza napiga ardhi kabla ya mpira, siyo kila mara ila mara nyingi. La pili kuna mipira inaanza kulia kidogo halafu inapinda kushoto, kitu ambacho sikuwahi kukipiga maishani. Je niendelee au nimeenda kombo?

dada_wa_tii_ya_kwanza

Endelea, usiache! Hayo mawili yanakuja kwa karibu kila mtu anayetoka kwenye kukata kwa juu.

Kupiga ardhi kwanza: zamani fimbo yako ilikuwa inashuka kwa mwinuko mkali kutoka nje, sasa inakuja kwa chini zaidi kutoka ndani, na ukiubakiza uzito nyuma hata kidogo, sehemu ya chini kabisa ya swingi inaangukia nyuma ya mpira. Angalia bega la kulia, inawezekana sasa unalizamisha chini ili lisiruke mbele, kichwa nacho kinarudi nyuma pamoja nalo. Usilizamishe. Liache lisubiri tu, mguu wa mbele ndo ufanye kazi. Chora mstari kwenye nyasi, au kwenye mchanga wa banka ni rahisi zaidi, simama mstari uwe katikati ya miguu, piga bila mpira na uone fimbo inagusa wapi. Inatakiwa iguse kwenye mstari na kwenda mbele yake. Ikigusa nyuma hujafika mbele kwa wakati.

Kuna kitu kimoja kilichonisaidia mimi kuliko maelezo yote ya nyonga na mabega, ni kuirusha fimbo akilini kama unavyorusha jiwe bapa lidundedunde juu ya maji. Jaribu bila fimbo, mkono wa kulia peke yake. Hakuna mtu anayerusha jiwe hilo akianza na bega. Unakanyaga mguu wa mbele kwanza, kiwiko kinatangulia mbele ya mbavu, kiganja kinabaki nyuma kinachelewa, halafu kinakuja kwa kasi mwishoni. Mwili unaijua tayari kazi hiyo, na fimbo ikishuka vizuri inapita karibu njia hiyo hiyo. Fanya mikono mitupu, halafu shika aironi kwa mkono mmoja, halafu miwili.

Na weka kitu laini nje ya mpira, kava ya draiva inatosha, iwe mbele kidogo ya vidole vya mguu wa kulia lakini upande wa pili wa mstari wa mpira. Ukirudi kwenye zamani utaigonga. Isiwe kitu kigumu, utaumiza mikono.

mzee_wa_grini

Dada yuko sahihi. Niongeze kuhusu spidi. Simu nyingi sasa zinarekodi fremu 240 kwa sekunde. Hesabu fremu kutoka fimbo inapoanza kusogea mpaka juu, halafu kutoka juu mpaka mpira. Ukipata kama 180 kwa 60 uko kwenye uwiano wa 3 kwa 1 ambao wachezaji wengi wa kulipwa wanakaa karibu nao. Haijalishi sana kama kwako ni 200 kwa 66, uwiano ndo wa kuangalia. Watu wengi wanaosumbuliwa na kushuka wanaambiwa "punguza spidi" wanaanza kupandisha fimbo taratibu kupita kiasi, mwili unakaa pale juu bila mvutano wowote, halafu wanalazimika kuirusha kwa mikono ili kufidia. Kupanda kuwe na uhai kidogo. Usiogope.

Na mazoezi ya hatua usiyafanye kwa nguvu zote, nusu ya nguvu inatosha kwa sasa, mwili unajifunza mpangilio vizuri zaidi ukiwa hauna haraka.

KushotoDaima

Kuhusu ile inayoanza kulia na kupinda kushoto, mkuu hiyo ni habari njema. Maana yake njia ya fimbo sasa inatoka ndani, na uso umefungwa kidogo kulinganisha na njia. Mwili hauogopi tena mpira wa kulia. Ila usiendelee kuvuta zaidi upande huo, maana ukizidisha utapata "huku" (hook) kali, yaani mpira unaopinda sana kushoto, nayo ni mbaya kwa sababu inakimbia ikigusa chini. Ikianza kupinda sana usirudi kwenye gripu ya zamani, angalia kwanza kama kifua kimesimama wakati mikono inapita. Kifua kikisimama mikono inapinduka peke yake na uso unafunga haraka. Kifua kiendelee kuzunguka mpaka kiangalie shabaha, na umalize uzito wote uko mguu wa kushoto, kisigino cha kulia hewani.

Draiva bado usiiguse kwa sasa. Siku ukiirudia, kabla hujalaumu kushuka kwako angalia mabega ukiwa umesimama tayari. Mpira wa draiva unakaa mbele usawa wa kisigino cha kushoto, na mtu akiufuata mpira mbele mabega yanafunguka yanaangalia kushoto kabla hata fimbo haijasogea. Hapo hata ushuke vizuri namna gani njia itaenda kushoto tu. Inamisha mgongo kidogo kulia ili bega la kulia liwe chini ya la kushoto, na weka fimbo nyingine kifuani ikivuka mabega uhakikishe inaelekea sawa na miguu. Tuwekee na video ya kwa nyuma ukiwa na aironi 7 tuione divoti inaelekea wapi sasa.